Sumu ya hewa haipimwi kwa mizani pekee

UKITOKA mjini Busia ukielekea Malaba utapita soko dogo liitwalo Adungosi, katika eneo la Teso Kusini. Msafiri mwenye haraka ya kufika mpakani huenda asiligeuzie hata shingo. Leo, mpenzi msomaji, nakuomba tushuke hapo. Tusimame kando ya njia, tuvute pumzi moja ndefu, kisha tujiulize swali ambalo wengi wetu hatujawahi kujiuliza: tumevuta nini?

Wakati wa kiangazi jibu huonekana kwa macho. Bodaboda ikipita kwa kasi katika njia ya udongo inayoingia vijijini, vumbi huinuka kama pazia. (Neno hilo lenyewe, bodaboda, lilizaliwa mpakani huku, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka boda moja hadi nyingine.) Vumbi hilo hutua kwenye migomba, kwenye mabati, kwenye shati jeupe la shule lililoanikwa, na kwenye meza ya mama anayeuza omena na nyanya. Mama huyo akikohoa, nawe ukamwuliza ana nini, jibu atakalokupa ni lile lile ambalo ungepewa Kawangware au Kisauni: "Ni vumbi tu, mwanangu. Litapita."

Sasa mfuate nyumbani jioni. Jiko ni la mafiga matatu, kuni zina unyevu, mlango ni mmoja na dirisha ni dogo kama la kuchungulia. Anasonga atap, ule ugali wa muhogo na wimbi unaopendwa na Wateso. Siku za kutengeneza ajon, pombe ya wimbi inywewayo kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, unga uliochachuka hukaangwa juu ya bati, na mkaangaji hana budi kuinama juu ya moto akiugeuza. Mtajie moshi naye atacheka. "Moshi? Huo tumezaliwa nao."

Mwisho, panda matatu hadi Malaba. Hapo malori ya masafa marefu yatokayo Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Juba hupanga foleni yakingoja kuvuka. Mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa Korona kabla ya kuingia Uganda, foleni hiyo ilirefuka kwa kilomita nyingi. Lori likisonga mita kumi, breki hulia, ekzosi hutema wingu jeusi, na katikati ya wingu hilo wamo wachuuzi wa njugu, maji na mayai ya kuchemsha.

Hizo ni pumzi tatu: ya njiani, ya jikoni na ya foleni. Je, ipi ina madhara zaidi? Ukipima kwa macho, utasema ni vumbi la njiani. Lakini wanasayansi wanaopima sumu yenyewe wanatupa jibu lingine, na jibu hilo lina maana kubwa kwa familia yenye fedha kidogo inayotaka kujua ianze kuziba ufa upi.

Mizani yasemaje?

Kwa miaka mingi hewa chafu imepimwa kwa uzito. Namna yake si ngumu kuielewa. Pampu huvuta hewa na kuipitisha kwenye chujio jembamba mfano wa karatasi. Chujio hilo hupimwa kabla na baada ya kazi, kwa mizani inayoweza kutambua sehemu moja kwa milioni ya gramu, yaani maikrogramu. Kabla ya kupimwa, chujio huwekwa kwenye chumba chenye joto na unyevu usiobadilika, kwa maana hata mvuke kidogo wa maji unaweza kuidanganya mizani hiyo.

Tufanye hesabu pamoja. Pampu ya kawaida ya kazi hii huvuta lita 16.7 kwa dakika. Kwa saa 24 itakuwa imevuta mita 24 za ujazo za hewa. Chujio likiongezeka uzito kwa maikrogramu 600, gawanya kwa 24, utapata maikrogramu 25 katika kila mita ya ujazo. Hiyo ndiyo tarakimu unayoisikia redioni hewa ya mji fulani inapotajwa kuwa nzuri au mbaya.

Kabla ya hewa kufika kwenye chujio, chembe kubwa huondolewa. Zinazohofiwa zaidi ni zile zenye upana wa maikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wako una upana wa kama maikromita 70, kwa hiyo chembe hizo ni kama sehemu ya thelathini ya unywele mmoja. Chembe kubwa hunaswa na vinyweleo na kamasi za pua. Ndio maana ukisafiri kwa njia ya vumbi kisha ukapenga, kitambaa huwa chekundu. Hizo ndogo hazinaswi. Hushuka mpaka kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu, pale damu inapopokea hewa safi.

Kipimo cha uzito kimetusaidia sana. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 8,111 katika miji sita. Waligundua kuwa katika mji wenye chembe nyingi zaidi hatari ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 26 kuliko katika mji wenye hewa safi kuliko yote. Kwa ushahidi wa namna hiyo Shirika la Afya Ulimwenguni liliweka viwango vyake. Septemba 2021 lilipunguza kiwango cha mwaka cha chembe ndogo kutoka maikrogramu 10 hadi 5.

Lakini mizani ina upofu wake. Kijiko cha chumvi na kijiko cha sumu ya panya vinaweza kuwa na uzito mmoja. Kimoja utakitia kwenye mchuzi, kingine utakificha juu ya kabati watoto wasikifikie. Mizani haijui tofauti hiyo.

Vile visanduku vidogo vya kupima hewa vilivyoenea siku hizi vina upofu wao pia. Jirani zetu wa Uganda wamepiga hatua kubwa hapo. Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi uitwao AirQo, ulioanza mwaka 2015, unaotengeneza visanduku hivyo kwa bei nafuu na hata kuvifunga kwenye bodaboda. Ndani yake mna mwali mwembamba wa taa, na kila chembe ikipita hutawanya mwanga ukahesabiwa. Ni kazi ya kusifiwa, kwani mji usiopimwa hauwezi kutibiwa. Hata hivyo mwanga nao hauulizi chembe imetoka wapi. Ukungu wa asubuhi unaweza kuongeza hesabu, ilhali masizi meusi, ambayo humeza mwanga badala ya kuutawanya, huweza kuhesabiwa pungufu.

Funzo la Owino Uhuru

Ikiwa unadhani hayo ni mabishano ya wasomi tu, twende kidogo pwani, katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi kandokando ya nyumba za watu. Betri hizo zina madini ya risasi. Moshi na vumbi la kiwanda vilitua kwenye paa, kwenye maji na kwenye mikono ya watoto wachezao chini.

Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo, aligundua kuwa mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Alianza kupiga kelele. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka uliofuata akatuzwa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikaurejesha uamuzi huo baada ya kuwa umefutwa katika rufaa.

Kinachotuhusu hapa ni jinsi sumu ile ilivyojulikana. Haikuonwa kwa mizani ya vumbi. Vumbi lenye risasi na vumbi lisilo na risasi huweza kuwa na uzito ule ule na rangi ile ile. Ilijulikana kwa kupima damu. Watafiti walipochukua damu ya watoto wa Owino Uhuru na kuilinganisha na ya watoto wa mtaa mwingine wa Mombasa uitwao Bangladesh, waliona kuwa wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa kama mara mbili.

Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na mtoto hukua akiwa mzito wa kujifunza bila mtu kujua chanzo. Kwa sababu hiyo Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Tangu siku hiyo moshi wa petroli haukupungua uzito wa kutajika, lakini sumu yake moja kubwa iliondoka. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupima wingi na kupima ubaya.

Biringanya na limau

Basi ubaya wa chembe ambazo hazina risasi unapimwaje? Ingia jikoni uchukue biringanya. Likate vipande viwili. Kipande kimoja kipake maji ya limau, kingine ukiache hivyo hivyo. Baada ya muda kile kisichopakwa kitageuka rangi ya kahawia, na kile cha limau kitabaki cheupe kwa muda mrefu zaidi. Oksijeni ya hewani imekula kipande cha kwanza, kama inavyoyala mabati yakaota kutu. Limau lina vitamini C, ambayo hujitoa mhanga ikaliwa yenyewe kwanza.

Mapafu yako hufanya vivyo hivyo. Ndani yamepakwa utando mwembamba wa majimaji wenye vitamini C na kinga nyingine za aina hiyo. Chembe zinapoingia, hasa zile zenye chuma na shaba au zenye kemikali zitokanazo na kuungua, huanza kuila kinga hiyo na kuzalisha aina kali ya oksijeni. Kinga ikiisha, nyama laini ya mapafu huvimba. Uvimbe huo hufungua mlango kwa kikohozi kisichokoma, pumu, kichomi, na hata maradhi ya moyo, kwa kuwa athari hizo hupita kwenye damu.

Kutokana na elimu hiyo wanasayansi wamebuni kipimo. Huchukua chembe zilizonaswa na chujio, huziloweka, kisha huzichanganya na vitamini C katika joto sawa na la mwili. Halafu huhesabu dakika: kinga inapungua kwa kasi gani? Wengine hutumia kemikali iitwayo DTT badala ya vitamini C. Chembe zinazomaliza kinga upesi ndizo kali, hata zikiwa nyepesi.

Mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, hilo si geni kwako. Unakumbuka ile dawa ya samawati iitwayo DCPIP katika maabara ya bayolojia? Unaidondoshea maji ya limau tone baada ya tone hadi rangi ipotee, kisha unasema kuna vitamini C. Wapima sumu ya hewa wanafanya jambo la ukoo huo huo. Tofauti ni kwamba wao wanaangalia vitamini C iliyobaki baada ya kushambuliwa na moshi.

Jambo moja la kuzingatia hapa ni kuwa jibu husomwa kwa njia mbili. Kwanza, chembe hizi ni kali kiasi gani kwa kila maikrogramu? Pili, kwa kila mita ya hewa ninayovuta, ninapokea ukali kiasi gani? Pilipili moja kali katika sufuria ya harusi haimdhuru mtu. Pilipili hiyo hiyo katika kikombe cha uji ni balaa. Ukali na wingi lazima visomwe pamoja.

Pumzi tatu zapimwa

Sasa turudi kwa zile pumzi zetu tatu, tuone walimwengu wamegundua nini.

Mjini Nairobi, kati ya Mei 2008 na Aprili 2010, watafiti walikusanya chembe ndogo katika Chuo Kikuu cha Nairobi na huko Gigiri. Wastani ulikuwa maikrogramu 21 chuoni na 13 Gigiri. Hawakutosheka na uzito. Walizipiga chembe mionzi ya eksirei ili wajue zina madini gani, na kwa madini hayo wakajua zimetoka wapi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa magari na vumbi la udongo, vikijumlishwa, vilikuwa kama robo tatu ya uzito wote. Kwenye mizani, basi, udongo na magari walikuwa karibu kuwa ndugu pacha.

Mwaka 2020 watafiti walioongozwa na Taasisi ya Paul Scherrer ya Uswisi walichapisha kazi waliyoifanya kuhusu hewa ya Ulaya kwa kutumia kile kipimo cha kuliwa kwa kinga. Pacha wale wakatengana. Sehemu kubwa ya uzito ilitokana na vumbi la udongo na chembe zinazojiunda zenyewe angani kutokana na gesi. Lakini sehemu kubwa ya ukali ilitokana na kazi za binadamu: moshi wa kuni za kuotea moto majumbani, na vyuma vinavyosagika kutoka kwenye breki za magari.

Hebu soma tena sentensi hiyo ukiwa umesimama Malaba. Kuni na breki. Kumbe hata lori lisilotoa moshi mweusi lina la kujibu kila linapokanyaga breki. Moshi wa dizeli nao una kesi yake: Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka yoyote. Nchi za Afrika Mashariki zilipiga hatua Januari 2015 zilipoanza kudai dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hiyo ni hatua nzuri. Lakini injini kuukuu isiyotunzwa itatoa masizi hata ukiipa mafuta mazuri.

Haina maana kwamba vumbi la njia ni marashi. Humchokoza mwenye pumu, huwasha macho, na likiwa jingi huchosha kifua. Tena Ulaya njia zao nyingi ni za lami, sisi zetu ni za udongo, kwa hiyo wingi wetu wa vumbi si wao. Lagos, Delhi na Adungosi haziwezi kuazima jibu la Zurich lilivyo. Shirika la Afya Ulimwenguni lenyewe bado linatumia uzito katika viwango vyake, ingawa katika mwongozo wa 2021 lilizitaka nchi zipime masizi pia. Sheria mpya ya hewa ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imekitaja kipimo cha kuliwa kwa kinga. Dunia inasogea polepole kutoka kuuliza "ni kiasi gani" hadi kuuliza "ni cha aina gani".

Moshi tuliozaliwa nao

Pumzi ya jikoni ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu, kwa sababu ndiyo isiyoogopwa. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, asilimia 55.1 ya nyumba za Kenya zilikuwa zikipika kwa kuni. Na jikoni, mpenzi msomaji, wingi na ukali hukutana.

Ushahidi bora tunao hapa hapa nchini. Mwishoni mwa miaka ya tisini, Majid Ezzati na Daniel Kammen walifanya utafiti huko Mpala, Laikipia, katika nyumba 55 zenye watu 345. Walipima moshi kwa zaidi ya siku 200, saa 14 hadi 15 kila siku, na afya ya watu ikawa inafuatiliwa kwa zaidi ya miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la madaktari la The Lancet.

Waligundua mambo mawili yanayofaa kubandikwa kwenye mlango wa kila jikoni. La kwanza ni kuwa wastani wa siku hudanganya. Moshi haupandi sawasawa. Hupanda ghafla mtu anapochochea kuni, anapopuliza, anapokoroga au kuondoa chungu. Na ni nani aliye karibu dakika hizo? Ni mama na binti anayejifunza kupika. Baba huingia chakula kikiwa tayari, moto umetulia. Chumba ni kimoja, lakini mapafu hayakupokea kitu kimoja.

La pili ni kuwa ugonjwa wa kifua huongezeka moshi unapoongezeka, lakini ukishavuka maikrogramu 1,000 hadi 2,000 kasi ya kuongezeka hupungua. Maana yake nini? Jikoni kwenye moshi wa kupindukia, ukipunguza kidogo tu huenda usione tofauti kubwa. Faida kubwa huja ukishuka hadi chini kabisa.

Malawi walilijua hilo kwa uchungu. Watafiti waligawa majiko yenye kuchoma vizuri zaidi, kisha wakafuatilia watoto 10,750 waone kama kichomi kitapungua. Matokeo yaliyotangazwa Desemba 2016 yalikuwa kwamba hakikupungua. Moja ya sababu walizoziwaza ni kuwa watoto wale waliendelea kuvuta moshi mwingine: wa takataka zinazochomwa, wa sigara, wa jirani. Kuziba tundu moja la mtumbwi wenye matundu matano hakuzuii mtumbwi kuzama.

Na tusisahau koroboi. Taa hiyo ya utambi ni maskini wa mwanga na tajiri wa masizi. Mwaka 2012 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Nicholas Lam kilionyesha kuwa asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayoungua kwenye koroboi hugeuka kuwa chembe za masizi matupu. Mwanafunzi anayesoma usiku huinamia taa hiyo pua ikiwa karibu na utambi. Anatafuta alama, anapata na masizi.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Tuanze wapi?

Kama nyumba yako ina shilingi chache na shida nyingi, ushahidi huu unakupa mpangilio. Kumwagia uwanja maji ili vumbi litulie ni vizuri. Lakini kama mtungi huo wa maji ndio unaokufanya uone umemaliza kazi, huku mtoto amefungwa mgongoni wakati mama anapuliza moto, umemfukuza nzi ukamwacha nyoka.

Anza na kinachoungua. Kausha kuni juani na uzipasue ndogo, kwani kuni mbichi ndizo hutoa moshi mwingi. Pika nje inapowezekana, au toboa dirisha la pili upande wa pili ili hewa ipite. Mtoto mchanga asikae jikoni moto unapowashwa au kuchochewa. Ukiweza kupata gesi, itumie hata kwa chai na uji tu, kisha uongeze kadiri mfuko unavyoruhusu. Badala ya koroboi weka taa ya jua.

Usiwashe jiko kwa nailoni, chupa za plastiki, vipande vya tairi wala mbao zilizopakwa rangi. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini plastiki nyingine zingali zinachomwa nyuma ya nyumba zetu za mjini kila Jumamosi. Uzito wa moshi wake waweza kuwa mdogo, ubaya wake ni mkubwa. Na betri kuukuu ya gari isiyeyushwe nyumbani kwa sababu yoyote ile.

Wewe unayeishi chumba kimoja mjini, jiko la makaa lisiingie ndani likiwa linawaka huku madirisha yamefungwa. Hapo kuna hewa ya sumu isiyo na chembe, rangi wala harufu, na huua usingizini.

Dereva, zima injini foleni isiposonga. Mchuuzi, meza yako isikae mkabala na ekzosi, isogeze upande ambao upepo unatokea.

Nanyi wanafunzi, nawaachia kazi ya likizo. Chukueni vitambaa vitatu vyeupe vya saizi moja. Kimoja mkitundike kando ya njia ya udongo, kimoja kando ya barabara ya malori, kimoja jikoni juu ya moto, mahali kisipoweza kuungua. Baada ya siku tatu vilinganisheni. Chekundu ni udongo. Cheusi ni masizi. Hamtakuwa mmepima sumu, kwa sababu hiyo huhitaji maabara. Lakini mtakuwa mmetenganisha kwa macho yenu kile ambacho mizani hukichanganya. London nao kwa miaka mingi walipima moshi wao kwa weusi wa doa kwenye karatasi, na moshi huo ndio ulioua watu wapatao 4,000 au zaidi Desemba 1952, hata Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi mwaka 1956.

Kisha kitambaa cha jikoni mpelekeeni mama au nyanya. Msimhubirie. Mwekeeni tu mkononi akitazame. Siku atakapokiona kile alichokuwa akikiita "moshi tuliozaliwa nao" kikiwa kimegandamana kwenye kitambaa kilichokuwa cheupe, mwambieni kwa heshima: "Nyanya, hiki ndicho tulichokuwa tukivuta." Nina hakika hatasema tena ni vumbi tu.